Kamba Wakubwa wa Ngenge

Hadithi hii itaniaibisha, najua. Kila nikiisimulia lazima mtu aniulize, "Hivi wewe shuleni ulikwenda kufanya nini?" Nilikwenda kusoma, nikafika darasa la saba, nikazijua ngeli zote, na hizo ngeli ndizo zilizoniponza. Kwa hiyo cheka tu. Mtaa mzima umeshacheka, wewe ndiye umechelewa.

Kazi yangu ni chakula cha kuku. Nina kibanda Miembeni, nachanganya pumba, mahindi ya kuparaza, mashudu na dagaa, nauza kwa ndoo. Dagaa nawafuata mwenyewe Muleba, mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, kwa sababu wakipita kwa madalali kwanza, bei inapanda mpaka kuku atage dhahabu.

Nyuma ya kibanda changu anakaa mama mmoja ambaye wote tunamwita Bi mkubwa. Kazaliwa hapa hapa Bukoba, Kihaya anakijua na akigombana na mtu sokoni anakitumia chote. Lakini babu yake alitoka pwani, na Kiswahili cha nyumbani kwake kimebaki cha pwani. Anapika pilau za harusi za watu. Sasa zamu yake ilikuwa imefika.

Binti yake alikuwa amependana na fundi umeme, kijana wa Tanga aliyekuja Bukoba kikazi. Huyo kijana hana mama, kalelewa na shangazi yake, na kwa shangazi ndipo mambo yalipokwama. Alikuwa amesema kwenye simu, spika iko wazi, sebule nzima inasikia: "Mwanangu anakwenda kuoa bara? Huko si wanakula ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi usiku? Nitakuja mwenyewe nile kwao, ndipo niseme."

Basi posa yote ikawa imewekwa juu ya sahani moja ya chakula cha mchana. Shangazi akila akaridhika, binti kaolewa. Asiporidhika anarudi Tanga na neno lake, na yule fundi umeme si mtu wa kumpinga aliyemlea. Binti alikuwa amekonda wiki hiyo, na si mtu wa kukonda.

Bi mkubwa akaja kibandani kwangu, mikono kiunoni.

"Wewe domokaya, Muleba unakwenda lini?"

"Kesho, Bi mkubwa."

"Nitafutie kamba. Wageni wangu wanakula hapa Jumamosi."

"Kamba tu? Hiyo kazi ndogo."

"Sitaki wadogo! Nataka wakubwa. Kamba wakubwa."

Sasa nafasi kama hiyo mimi siwezi kuiacha ipite. Mtu wa pwani kakosea Kiswahili mbele yangu! "Bi mkubwa," nikamwambia, "kamba kubwa. Kamba hii, kamba hizi. Ukisema kamba wakubwa ni kama vile wana miguu."

Akanitazama kuanzia ndala mpaka kofia. "Wewe Mhaya wa juzi unifundishe mimi Kiswahili? Kamba wakubwa. Na miguu wanayo."

Nikacheka sana. Nilidhani kanirudishia utani. Nikasema kumbe huyu mama naye mcheshi.

"Haya, na wawe wabichi," akaendelea. "Waliokaa sana wananuka."

Kweli, kamba iliyokaa mwaloni inanuka samaki. Nikaitikia.

"Ukiwapata wale wa milia nitakushukuru mpaka kesho. Na vichwa wasikatwe."

Na mimi kichwani yote yalikuwa yananyooka. Wageni wanakuja, turubai litafungwa uani, mbuzi atafungwa mahali, mizigo itafungwa wakiondoka. Shughuli gani isiyo na kamba? Milia nayo, sawa, ni shughuli, mtu anataka kupendeza. Kitu kimoja tu ndicho kilichonishangaza.

"Waagize wale madereva wa malori ya barafu wanaokwenda Dar na samaki," alisema. "Bei moto, lakini nitafanyaje. Kaka yangu alipokuwa Msumbiji aliniambia wa kule wanapandishwa ndege, wanakwenda Ulaya. Ukiwakuta hotelini huko, kilo yao ni mshahara wa mtu."

Kilo ya kamba, mshahara wa mtu! Hotelini! Ningeuliza swali moja tu, "hotelini wanafunga nini," mambo yangeishia pale. Lakini akili yangu ilikuwa imeshapanda gari iko Ngenge.

Ngenge yuko baba yangu mdogo, na baba mdogo anasokota kamba. Za katani za kufungia ng'ombe, na nyingine anafumua viroba vya mbolea, anachanganya nyuzi za kijani na za bluu, zinatoka na milia safi. Sasa niende kuagiza Dar, nilipe lori, nilipe dereva, nilipe dalali, wakati mwenye kiwanda ni ndugu yangu? Kichwa changu cha biashara kikaniambia: kijana, leo ndiyo leo.

Nikamkuta nyuma ya nyumba, kamba imefungwa kwenye mgomba, yeye anarudi kinyumenyume anasokota.

"Baba mdogo, unajua kamba Ulaya inauzwaje?"

"Ulaya wana mbuzi?"

"Mbuzi wa nini! Zinauzwa hotelini."

"Hotelini, waitu? Wanafunga nini hotelini?"

"Hata mimi sijui. Ila kilo moja ni mshahara wa mtu."

Akaiachia ile kamba, ikajisokotoa yote mpaka mgombani, wala hakuitazama. "Na hizo za Ulaya zinatoka wapi?"

"Msumbiji. Zinapanda ndege."

"Msumbiji wanasokota kunishinda mimi?" Hapo alikuwa amekasirika kabisa. "Wewe lete mtu wa Msumbiji hapa. Akae pale, mimi nikae hapa, tusokote!"

Nikampa masharti yote: kubwa, mbichi, za milia, na vichwa vibaki.

"Kamba ina kichwa?"

"Labda fundo."

Akapiga mafundo ya ukubwa wa ngumi kila mwisho wa kamba. Mke wake naye akaacha kumenya ndizi, akaingia kufumua viroba. Jirani akapita, akaambiwa habari za Ulaya, akarudi kwake mbio na nikasikia naye anauliza watoto kiroba cha mbolea kiko wapi. Ningekaa kidogo zaidi, Ngenge yote ingeacha kulima.

Siku ya pili nikashuka mwaloni na gunia langu la kamba, nichukue dagaa kama kawaida. Pamoja na dagaa huwa napewa na mfuko wa takataka. Nasema takataka kwa sababu ndivyo tunavyoviita: vidudu vidogo vyekundu vyekundu vyenye masharubu, vinaingia kwenye nyavu pamoja na dagaa. Wanunuzi wa dagaa hawavitaki, kwa hiyo wale akina mama wanaoanika wanavichambua na kuniuzia kwa bei ya bure. Kuku akivila, kiini cha yai kinakuwa cha njano kama jua. Siku ile vilikuwa vizuri, vikavu, vimeanikwa juu ya wavu, havina mchanga.

Simu ikalia. Bi mkubwa.

"Umewapata?"

"Nimewapata," nikasema. Nilishaamua kuongea ngeli yake, anayelipa ni yeye.

"Wakubwa?"

"Wananizidi mkono."

"Subhanallah! Wa milia?"

"Wa milia. Kijani na bluu."

"Hao hao! Wakiwa wabichi ndiyo rangi yao!"

Nikamtajia bei.

"Kwa bei hiyo?" akasema taratibu. "Tanga kwenyewe huwapati."

"Nimemruka dalali, Bi mkubwa."

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Sasa waweke kwenye barafu haraka, wasije wakaniharibikia njiani."

Nikakata simu, nikasimama. Barafu. Kamba kwenye barafu. Nikajipa elimu mwenyewe: katani ikilowa haikatiki ovyo, hilo linajulikana. Hawa watu wa pwani wamefunga majahazi tangu enzi, wanajua wanachokisema. Nikaenda kwa muuza barafu, yule anayehifadhia watu sangara.

"Nimimine wapi?" akauliza.

"Humo guniani."

Akachungulia. Akanitazama. Akachungulia tena. "Ndugu, hizi ni kamba."

"Najua."

"Unazigandisha?"

"Wewe mimina. Hii biashara ya kimataifa."

Akamimina. Nilipokuwa naondoka nikamsikia anawaita wenzake.

Jumamosi asubuhi nikaingia uani kwa Bi mkubwa na gunia linatoa maji kama mtungi uliotoboka. Kila kitu kilikuwa tayari. Nazi zimekunwa, mchele umelowekwa, vitunguu vimekatwa, ndimu zimepangwa. Kwenye mkeka mpya ndani nilisikia kunafukizwa udi. Wageni walikuwa mjini tayari, wamelala nyumba ya wageni, wanakuja wakitoka kuswali adhuhuri. Bi mkubwa akatandika beseni kubwa, akasema bismillahi, akanipa ishara. Nikapindua gunia.

Barafu ikatangulia. Halafu zikaanguka kamba za Ngenge, baridi, zimejikunja, na mafundo yake yamekaa juu yanatutazama.

Bi mkubwa akangoja. Akalitikisa gunia. Akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa chini.

"Kamba wangu wako wapi?"

"Si hawa hapa."

"Nakuuliza kamba wangu wako wapi!"

"Hawa, Bi mkubwa. Wabichi. Na vichwa wanavyo."

Binti ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alitoa sauti kama ya kuku aliyekanyagwa, akakaa chini palepale penye maganda ya vitunguu, akacheka. Halafu katikati ya kucheka akakumbuka nani anakuja, akaanza kulia. Halafu akaziona tena kamba, akacheka. Nikamwonea huruma, hakujua ashike lipi.

Bi mkubwa hakucheka wala hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, na sauti yake ndogo ndiyo ya kuogopwa: "Nimemwambia yule mwanamke kwenye simu nitamlisha kamba. Nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Sasa nimpikie fundo?"

"Sokoni kuna sangara," nikasema.

"Sangara! Wewe nyamaza. Wewe ukifungua mdomo mwanangu anabaki nyumbani."

Nikanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu, lakini nikanyamaza. Binti akafuta macho, akachukua simu yake, akanionyesha picha. "Kaka, kamba ni hawa. Wa baharini. Ona."

Nikaona. Mdudu mwekundu, kajikunja, ana masharubu. Na miguu. Miguu mingi!

"Hiki?" nikasema. "Hiki ndicho kilo yake mshahara wa mtu? Mbona hiki ninacho! Nalisha kuku!"

Nikatoka mbio, nikarudi na ule mfuko wa takataka. Bi mkubwa akachota konzi, akanusa, akachagua kimoja akakitafuna. Kisha akakaa kwenye kigoda kama mtu aliyesukumwa.

"Uduvi," akasema. "Huu ni uduvi. Bibi yangu alikuwa akiutaja mpaka mate yanamtoka. Umo humu ziwani?"

"Umo."

"Na mnaufanyia nini?"

"Wanaula kuku."

"Kuku wa nani?"

"Hata wako, Bi mkubwa. Ile ndoo ya juzi."

Akashika kichwa. Lakini bado alisita. Pwani, alituambia, uduvi ni chakula cha siku ambayo mfuko umetoboka. Mgeni wa posa hapewi uduvi, ataona umemdharau. Binti akajibu: "Mama, ni uduvi au ni kamba za huyu. Chagua."

Akachagua. Akauosha maji mengi, akaukaanga mkavu mpaka ukalia, akaweka vitunguu na nyanya, akamimina tui zito, pilipili na ndimu. Sijui nikuelezeje ile harufu. Kuku wa mtaa wote walijaa uani, wamesikia chakula chao kinapikwa na nazi, wakawa wanalalamika mlangoni kama wateja.

Mimi nikapewa adhabu ya kufunga turubai. Nikalifunga kwa kamba za Ngenge, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na niko juu ya ngazi shangazi akaingia. Mama mrefu, ametanda kanga mpya, anatembea kama anakagua nyumba ya kununua. Fundi umeme nyuma yake, jasho linamtoka. Wakakaa mkekani, maji ya kunawa yakapita, wali ukaja, mchuzi ukaja. Mimi kutoka juu naona kila kitu dirishani.

Shangazi akainamia bakuli. "Nini hii?"

"Uduvi, dada," Bi mkubwa akasema.

"Uliniambia kamba."

"Niliagiza kamba. Wamekuja wa aina nyingine."

Shangazi akatengeneza tonge, akalichovya, akala. Akala la pili. Binti mlangoni alikuwa anatafuna ncha ya mtandio wake. La tatu. Fundi umeme hajagusa chakula, anamtazama shangazi yake mdomo.

"Mwenzangu," shangazi akasema hatimaye, "umejuaje?"

"Kujua nini?"

"Marehemu mume wangu alivua kamba maisha yake yote. Unadhani tulikuwa tunawala? Kamba akitoka majini, mwenye barafu keshasimama ufukweni. Wakubwa wanakwenda hotelini na ng'ambo, wa katikati wanakwenda Dar, na sisi na watoto tunakula uduvi. Siku ukiona tunakula kamba, ujue barafu imeyeyuka na mnunuzi amekataa." Akachota mchuzi zaidi. "Na mnunuzi siku hizi anatubana. Anasema Asia wanafuga kamba kwenye mabwawa, rahisi, kwa hiyo na nyinyi shusheni bei. Nikamwambia wa kwetu hawakai bwawani wakangoja, tunawafuata, tunachoma mafuta ya mashine, na kuna miezi tunakatazwa tusivue wazaliane. Akaniambia mla kamba haonji mafuta. Kamba ungenipa leo ningekula kwa adabu. Huu nakula kwa njaa."

Fundi umeme akapata nguvu, akaanza kula kama ametoka jela.

"Hapa mnauuza bei gani?" shangazi akauliza.

Hakuna aliyejibu, na mimi ukimya unaniwasha. Nikaingiza kichwa dirishani. "Hatuuli, shangazi. Tunawapa kuku."

Tonge likabaki hewani. "Kuku! Yaani kwetu wanaula watoto, hapa wanaula kuku, na binamu zake wakubwa wanawala matajiri Ulaya? Mdudu yule yule?" Kisha akanitazama vizuri. "Na wewe mwenye kichwa dirishani ni nani?"

Bi mkubwa alikuwa ameshikilia muda mrefu, pale akaachia. Akasimulia yote: kamba wakubwa, milia, miguu, dalali, barafu. Shangazi aliweka bakuli chini kwa uangalifu, halafu akalala ubavu kwenye mkeka, kanga ikamvuka, akacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Akaomba azione. Nikamletea moja iliyobaki, bado ina ubaridi. Akaipapasa fundo.

"Wallahi mbichi," akasema. "Na kichwa anacho."

Alipopata pumzi akamwita binti akae karibu yake, akamshika mkono. "Huyu nimemchukua. Ila ndizi aache."

"Ndizi haachi," Bi mkubwa akajibu papo hapo.

"Haachi?"

"Haachi, dada."

Shangazi akafikiri. "Basi kesho nipikieni na mimi hizo ndizi, nijue nashindana na nini."

Wakazipika, na uduvi. Akala mpaka akaomba kulegeza kanga.

Siku ya kuondoka tuliwasindikiza stendi. Shangazi alikuwa na mikungu ya ndizi, kahawa, na gunia zima la uduvi mkavu ambao nilimfuatia mwaloni. Wale akina mama walishtuka nilipoutaka wote, na mmoja wao akasema kama watu wameanza kuula basi na bei ataitazama upya. Mizigo yote tuliifunga kwa kamba za Ngenge, milia juu, mafundo yanaonekana. Nilikuwa bado niko pale pale baba mdogo akapiga simu.

"Zimekwenda?"

"Zimekwenda, baba mdogo. Zimekwenda Tanga."

"Kwa ndege?"

"Kwa basi."

"Si mbaya," akasema. "Tanga iko njia ya Ulaya."

Nikashindwa kumwambia. Nikawa bado natafuta maneno ya kumwambia siku shangazi aliponipigia mwenyewe, namba ngeni, sauti ya juu kama anaita mtu ng'ambo ya mto.

"Mwanangu, tumefika salama," akasema. "Na kamba wako wote wazima. Hata mmoja hajaoza."